Muuguzi Aliyejijengea Hospitali: Historia ya Edna Adan wa Hargeisa

Kiwanja alichopewa Edna Adan Ismail kujengea hospitali mjini Hargeisa kilikuwa jalala. Kabla ya kuwa jalala, zama za utawala wa Siad Barre, mtawala wa kijeshi wa Somalia, watu walikuwa wakipelekwa hapo kuuawa. Mfanyabiashara angekitazama mara moja na kuondoka. Bi. Edna alikikubali, maana hesabu zake zilikuwa za mkunga: jirani yake palikuwa na mitaa ya maskini, na mama anayeshikwa na uchungu usiku wa manane hana nauli ya kwenda mbali.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 60. Alikuwa amestaafu Shirika la Afya Duniani akiwa mwakilishi wake nchini Djibouti. Alikuwa na pensheni, gari aina ya Mercedes na dhahabu zake. Wengi wa cheo kile wakistaafu hununua nyumba ughaibuni, au hufungua ofisi ya ushauri na kuandika ripoti kwa malipo mazuri. Yeye aliuza gari, akauza dhahabu, akachukua na pensheni, vyote vikageuka saruji na nondo.

Kwetu Afrika Mashariki tunajua ngazi ya muuguzi inaishia wapi. Hospitali ya wilaya nchini Tanzania ina mganga mfawidhi, na chini yake yupo muuguzi mfawidhi, ambaye wagonjwa na wafanyakazi humwita matroni, au patroni akiwa mwanamume. Matroni ndiye anayejua mashuka mangapi yamechanika, nani amekimbia zamu ya usiku, glovu zimebaki boksi ngapi na leba inanuka kwa nini. Bajeti ikijadiliwa huulizwa maoni. Uamuzi, mara nyingi, huwa wa mwingine. Nimewahi kusikia wauguzi wa zamani wakilisema hili bila uchungu wowote, kana kwamba ni amri ya mbinguni. Historia ya Bi. Edna ni ya mtu aliyepanda ngazi hiyo, akakuta haifiki juu, akazunguka kwa njia nyingine ndefu iliyompitisha katika nchi kadhaa na kumchukua karibu miaka 40.

Alizaliwa Hargeisa tarehe 8 Septemba 1937, nchi ya Wasomali wa kaskazini, Somaliland, ikiwa chini ya himaya ya Waingereza. Baba yake, Dk. Adan Ismail, alikuwa tabibu ambaye watu wa kaskazini bado wanamtaja kama mwasisi wa tiba ya kisasa katika nchi yao. Wakati huo hapakuwa na shule ya wasichana. Baba alimweka mwalimu nyumbani awafundishe wavulana, na binti yake akaketi nao. Baadaye akapelekwa kusoma Djibouti, koloni la Wafaransa, ndiyo maana alikua akiongea Kifaransa kabla Kiingereza chake hakijakomaa.

Likizo alizimalizia hospitalini kwa baba. Alikata mashuka makuukuu kuwa bandeji, alichemsha koleo na mikasi, alitumwa huku na kule kama watoto wanavyotumwa. Hospitali ya baba ilikuwa na upungufu wa karibu kila kitu. Bi. Edna amesimulia mara nyingi kwamba azma yake ilizaliwa pale, angali mtoto: siku moja ajenge hospitali ambayo baba yake angependa kufanya kazi ndani yake. Wapo watu ambao ukubwani huipamba hadithi ya utoto wao ili ilingane na walipofika. Hii naiamini, kwa sababu yote aliyoyafanya baadaye yanaifuata mno.

Lakini kuna jambo jingine la utotoni ambalo lilikuja kuongoza kazi yake kuliko hata bandeji za baba. Akiwa na miaka kama minane, baba akiwa safarini, mama na bibi walimkeketesha, kama walivyofanyiwa wao na wasichana wote waliowajua. Aliporudi na kukuta limekwisha kutendeka, baba alikasirika na kusikitika sana. Mtoto akaona jambo ambalo wenzake hawakupata kuliona: mwanamume mzima, Mwislamu, tabibu, analia juu ya kitu ambacho mji wote unakisherehekea. Kwake ile hasira ya baba ilikuwa ushahidi kwamba lililotendeka halikuwa sawa. Aliuhifadhi ushahidi huo kwa miaka mingi kabla ya kuutoa hadharani.

Mwaka 1954 alipata ufadhili wa kwenda Uingereza, jambo ambalo hakuna msichana wa Kisomali aliyekuwa amelipata kabla yake. Alisoma Borough Polytechnic mjini London, akafunzwa uuguzi West London Hospital na ukunga Lewisham. Alikaa huko miaka saba.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu hospitali za London za miaka ile zilikuwa na mtu ambaye leo hayupo: matroni mwenye mamlaka kamili. Uuguzi wa kisasa wa Kiingereza ulijengwa juu ya mtu huyo tangu Florence Nightingale alipoanzisha shule yake katika hospitali ya St Thomas' mwaka 1860. Matroni aliajiri na kufukuza. Alitawala wodi, nguo, usafi na bweni la wauguzi, na daktari bingwa mwenye sauti kubwa alipunguza sauti alipomwona anakuja koridoni. Ethel Manson alipewa umatroni wa St Bartholomew's, hospitali kongwe kuliko zote London, mwaka 1881 akiwa na umri wa miaka 24 tu. Aliushika kwa miaka sita, akaacha kazi mwaka 1887 kwa sababu alikuwa anaolewa na Dk. Bedford Fenwick. Ndivyo ilivyokuwa: cheo kikubwa kuliko vyote alichoweza kupata mwanamke hospitalini kilitaka asiwe na mume. Mama huyo hakukaa kimya. Alipigania usajili wa wauguzi kwa zaidi ya miaka 30 hadi sheria ikapitishwa mwaka 1919, na daftari la wauguzi wa Uingereza lilipofunguliwa, jina la kwanza lilikuwa lake.

Edna alifunzwa chini ya utaratibu huo ukiwa katika siku zake za mwisho. Mwaka 1966 kamati ya Salmon ilipendekeza uongozi wa wauguzi upangwe kwa madaraja kama ya kiwanda, na umatroni wa zamani ukafifia. Mwaka 1983 Roy Griffiths, bosi wa maduka ya Sainsbury's, aliyeombwa na serikali ya Margaret Thatcher aangalie namna hospitali zinavyoendeshwa, alishauri kila hospitali iwe na meneja mkuu. Mameneja wakaingia, na wauguzi wengi wakajikuta nje ya vyumba vya maamuzi. Kisha wagonjwa wakaanza kulalamika kwamba wodi ni chafu na hakuna wa kuulizwa, na serikali nyingine ikaona bora kurudisha matroni, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waingereza walizunguka miaka 35 kurudi karibu na walipoanzia. Wakati huohuo mwanafunzi wao wa zamani alikuwa anafungua milango ya hospitali Hargeisa, akiwa ndani yake matroni na meneja mkuu kwa pamoja.

Lakini tusiruke. Mwaka 1961 Edna alirudi nyumbani akakuta nchi nyingine. Somaliland ilipata uhuru tarehe 26 Juni 1960 na siku tano baadaye ikaungana na Somalia iliyokuwa ya Waitalia. Makao makuu sasa yalikuwa Mogadishu. Alikuwa muuguzi mkunga wa kwanza wa Kisomali mwenye sifa kamili za kitaaluma, na serikali haikujua imweke wapi. Utumishi wa umma haukuwa umewahi kuajiri mwanamke wa kiwango chake. Kwa hiyo alifanya kazi na mshahara haukuja, miezi ikafuatana. Akinamama walikuja kujifungua, akawazalisha. Aliendesha gari pia, Msomali wa kwanza wa kike kufanya hivyo, na mji ukapata la kuzungumza.

Katika miaka hiyo Shirika la Afya Duniani lilimchukua kwenda Libya kuwa mshauri wa mafunzo ya uuguzi na ukunga. Aliolewa na Mohamed Haji Ibrahim Egal, mwanasiasa wa kaskazini aliyekuwa Waziri Mkuu wa Somalia kuanzia 1967. Mwaka 1968 mkunga wa Hargeisa aliingia Ikulu ya Marekani akiwa mke wa mgeni rasmi wa Rais Lyndon Johnson. Mwaka mmoja na nusu baadaye Rais Abdirashid Ali Sharmarke aliuawa, na tarehe 21 Oktoba 1969 jeshi chini ya Siad Barre likachukua nchi. Egal alitiwa kizuizini na alikuja kukaa gerezani miaka mingi. Edna aliwekwa kifungo cha nyumbani. Ndoa yao haikudumu, lakini wote wawili tutakutana nao tena mbele.

Sura hii ya Ikulu na mapinduzi ndiyo waandishi wengi wa magazeti huipenda. Mimi naiona kama njia ya mchepuko. Kilichomtengeneza kuwa kiongozi wa hospitali kilikuwa kikitokea leba.

Mwanamke aliyekeketwa kwa namna ya kifarao, yaani aliyekatwa na kisha kushonwa, hubaki na kovu lisilotanuka. Siku ya kujifungua, kichwa cha mtoto hufika mlangoni na kukuta mlango haupo. Mkunga mwenye ujuzi hufungua kovu kwa wakati, kwa mkato uliopimwa, kisha hushona jeraha bila kulirudisha lilivyokuwa. Mkunga asiye na ujuzi husubiri. Wakati anasubiri, mtoto anakosa hewa, au kovu linachanika lenyewe kuelekea kusikotakiwa, na mama anavuja damu. Uchungu ukidumu siku mbili tatu, tishu kati ya uke na kibofu hufa kwa kubanwa, na mama aliyenusurika hubaki na fistula, mkojo ukimtoka mchana na usiku, mume akimrudisha kwao. Yote haya Edna aliyaona kwa macho ya mtu ambaye mwili wake mwenyewe ulikuwa umepita hapo.

Mwaka 1976, akiwa ofisa mwandamizi wa Wizara ya Afya mjini Mogadishu, alisimama mbele ya mkutano wa wanawake akasema waziwazi kwamba ukeketaji unaua na kulemaza. Kulitaja jambo lile mbele ya watu kulikuwa fedheha. Baadhi ya waliomsikiliza walikuwa akinamama waliowakeketa binti zao kwa mikono yao. Hakusema kama mwanaharakati aliyesoma kitabu. Alisema kama sista anayetoa ripoti ya zamu: mama alifika hivi, tulimkuta hivi, mtoto alitoka hivi. Nadhani ndiyo sababu hawakuweza kumfukuza ukumbini.

Alirudi Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1980. Kuanzia 1987 hadi 1991 alikuwa mshauri wa afya ya mama na mtoto kwa kanda ya Mashariki ya Mediterania, yenye nchi zaidi ya 20, akishughulikia mafunzo ya wakunga wa jadi na mila zinazodhuru afya. Kisha akapelekwa Djibouti kuwa mwakilishi wa shirika, hadi 1997. Wauguzi hujifunza mengi wodini, lakini wodi haimfundishi mtu namna bajeti ya mwaka inavyoandikwa, jinsi ya kumwandikia balozi barua inayojibiwa, au kwa nini mfadhili hununua jenereta kwa furaha lakini hukataa kulipa mshahara wa mfagizi. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilimfundisha hayo. Muuguzi mwenye akili ileile aliyebaki kwenye wodi ya serikali asingeyapata, si kwa kukosa uwezo, bali kwa kuwa hakuna aliyemwita kwenye meza ambapo mambo hayo hufanyika. Hapa ndipo ngazi yetu ilipo na ufa.

Wakati huo kwao kulikuwa kunaungua. Mwaka 1988 jeshi la Siad Barre lilishambulia Hargeisa ili kuwang'oa wapiganaji wa SNM, waasi wa kaskazini. Ndege zilizoushambulia mji ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa mji huohuo. Nyumba nyingi zilibaki kuta bila mapaa, na watu walikimbilia Ethiopia kwa miguu. Edna alikuwa ameanza kujenga hospitali Mogadishu katika muongo huo. Vita vikaifikia kabla haijakamilika, ikapotea. Tarehe 18 Mei 1991 Somaliland ilijitangaza kuwa nchi huru tena. Umoja wa Mataifa haukuitambua. Kwa raia wa kawaida hilo ni suala la pasipoti. Kwa anayetaka kujenga hospitali lina maana nzito zaidi: nchi isiyotambuliwa haikopi Benki ya Dunia, haisaini mikataba ya misaada kama nchi nyingine, na fedha za afya zinazoelekezwa huko hupita kwa jina la serikali iliyoko Mogadishu au kwa mashirika ya nje.

Rais wa Somaliland kuanzia 1993 alikuwa Egal, mtalaka wake. Serikali yake ndiyo iliyotoa kile kiwanja cha jalala. Ujenzi ulianza mwaka 1998, na Bi. Edna aliusimamia mwenyewe, mwanamke wa miaka 60 akibishana na mafundi juu ya tofali na vipimo vya mlango ili kitanda cha magurudumu kipite. Fedha zake zilipokaribia kwisha, kuta zilikuwa zimesimama na paa hakuna. Mwaka 1999 gazeti la New York Times liliandika habari zake, na wanawake kadhaa wa Marekani wakaisoma, wakaunda chama cha kumchangia. Wasomali wa ndani na wa ughaibuni walichanga, wafanyabiashara wa Hargeisa walitoa vifaa. Paa likapatikana.

Jambo la busara kuliko yote katika ujenzi ule halikuwa la saruji. Mwaka 2000, majengo yakiwa hayajakwisha, alikusanya vijana zaidi ya 30 akaanza kuwafundisha uuguzi. Aliona ambacho wajenzi wengi wa hospitali barani mwetu hawakioni hadi siku ya kukata utepe: wauguzi wa nchi ile walikuwa wameuawa au wamekimbia. Kila mmoja wetu amewahi kuona zahanati mpya, imepakwa rangi, ina bango la mfadhili, na kufuli mlangoni kwa kukosa mtumishi. Yeye alitaka siku ya kufungua mlango awe na watu wa kuvaa sare. Angekuwa mhandisi au mwanasiasa, naamini angesubiri.

Hospitali ya Uzazi ya Edna Adan ilifunguliwa tarehe 9 Machi 2002. Egal alifariki Pretoria tarehe 3 Mei mwaka huohuo, chini ya miezi miwili baadaye.

Mkurugenzi alihamia hospitalini. Si kwa maneno: makazi yake yalikuwa ndani ya jengo, na kengele ya usiku ilimfikia. Wageni waliomtembelea wamesimulia namna alivyokuwa akizunguka wodini, akitazama chini ya vitanda na kuwasahihisha wanafunzi papo kwa papo. Huyo ni matroni wa London wa mwaka 1955, mzimamzima, amevaa hijabu. Tofauti ni kwamba akigundua pampu ya maji imekufa hakuwa na bosi wa kumwandikia dokezo. Bosi alikuwa yeye.

Hospitali ya uzazi katika mji kama ule hushindana na saa. Mama wa Kiafrika hafi kwa maradhi ya ajabu. Anatoka damu baada ya kujifungua, anapata kifafa cha mimba, uchungu unapingama, au anaambukizwa vijidudu, na kwa kila moja dawa na mbinu zinajulikana tangu zamani. Anakufa njiani, au anakufa wakati watu wanashauriana. Katika jamii ya Kisomali ruhusa ya kumpasua mama mara nyingi hutafutwa kwa mume, na mume asipokuwepo, kwa wakubwa wa ukoo. Daktari kijana anaweza kushindwa kubishana na wazee. Bibi wa miaka 70 aliyezalisha nusu ya mji, mtoto wa Dk. Adan, aliyekuwa mke wa Rais, hababaishwi nao. Sifa hizo hazimo katika cheti chochote cha uongozi wa hospitali, na ni kweli pia kwamba haziwezi kurithishwa.

Alileta pia daftari. Kila mama aliyekuja kliniki ya wajawazito alichunguzwa na kuandikwa kama amekeketwa, kwa namna gani, na kama binti zake wamekeketwa. Uandishi huo wa kila siku, unaofanywa na wakunga kwa kalamu, ulizaa utafiti wa akinamama 4,000: asilimia 97 walikuwa wamekeketwa, na karibu wote kwa ile namna ya kifarao. Kabla ya hapo mzee yeyote angeweza kusimama mkutanoni akasema mila hii inaisha yenyewe. Baada ya daftari, ilibidi aseme jambo jingine. Watawala wa hospitali wengi huona takwimu kama kero ya wizara. Mkunga huyu aliziona kama silaha, na alikuwa ameisubiri silaha hiyo tangu 1976.

Serikali ikamwita tena. Agosti 2002 aliteuliwa Waziri wa Ustawi wa Familia na Maendeleo ya Jamii, na kuanzia 2003 hadi 2006 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, mwanamke pekee katika baraza. Kazi hiyo ilikuwa kuzunguka dunia akiomba nchi yake itambuliwe. Utambuzi haukupatikana katika kipindi chake. Alipotoka serikalini alirudi kwenye hospitali, na kwa maoni yangu nchi ilifaidika zaidi kwa kurudi kwake kuliko kwa kuondoka kwake.

Hospitali ilipanuka ikapokea wanaume na watoto. Madaktari wa nje walikuja kwa zamu kushona fistula na midomo sungura, na kuwatibu watoto wenye maji kichwani. Bi. Edna alijiwekea lengo la kuwafundisha wakunga 1,000 na kuwatawanya hadi kwa wafugaji, kwa sababu alijua hospitali moja Hargeisa haimsaidii mama aliye nyuma ya ngamia wake katika nyika ya Sanaag. Kutokana na mafunzo hayo kikaja chuo kikuu kinachobeba jina lake.

Jina lake, kwa kweli, limo kila mahali, na hapo nina shaka moja ambayo wapenzi wake watanisamehe. Hospitali, chuo, chama cha wachangiaji Marekani: vyote vinaitwa Edna. Jina hilo ndilo lililofungua mikoba ya watu wa mbali ambao wasingechangia taasisi isiyo na uso. Lakini taasisi inayoitwa kwa jina la mtu aliye hai hubeba swali la mrithi tangu siku ya kwanza, na swali hilo ni zito zaidi pale mtu huyo alipotia pensheni yake ndani. Jibu lake amelitoa kwa vitendo, kwa kufundisha. Iwapo mmoja wa wale vijana wa mwaka 2000, au wakunga waliowafuata, atakalia kiti cha mkurugenzi bila kulazimika kwanza kwenda kuishi nusu ya maisha katika ofisi za kimataifa, basi ngazi itakuwa imetengenezwa. Ikiwa kiti kitarudi kwa daktari au kwa mhasibu kwa kuwa ndivyo mambo yanavyokwenda, itakuwa imebaki hospitali nzuri yenye jina la mwanzilishi.

Heshima zimemfuata. Mwaka 2019 alichapisha kumbukumbu zake, A Woman of Firsts. Mei 2023, akiwa na miaka 85, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Templeton, inayozidi dola milioni 1.4, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Tuzo hiyo ilikwisha kwenda kwa Mama Teresa na kwa Askofu Desmond Tutu. Alipoulizwa kuhusu fedha, alisema sehemu yake anaipeleka kwa kile chama cha wachangiaji wa hospitali huko Marekani, zinunuliwe vifaa vipya, waajiriwe walimu na wafunzwe wahudumu wa afya wa kizazi kijacho.